Tangazo la Tatu

"Uko wapi sasa hivi?"

"Mkutanoni," Agnella alijibu kwa kunong'ona, utadhani kweli kuna mwenyekiti anamkodolea macho.

Hapakuwa na mwenyekiti wala kiti. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kubwa kuliko nyumba yao ya Kibaoni kule Ifakara, viatu mkononi, katikati ya mlima wa Bugarika jijini Mwanza, anahema. Chini yake mabati ya nyumba za watu yalishuka moja baada ya jingine mpaka mjini, na mji ulipoishia lilianza ziwa.

"Mnajadili nini?" Viktor aliuliza kutoka Ifakara.

"Mbu."

"Jumamosi yote hii?"

"Mbu hawajui Jumamosi, Viktor."

Hapo hapo jogoo akawika. Hakuwika kwa mbali. Aliwikia nyuma ya lile jiwe, kwa sauti ya jogoo mwenye mji wake.

"Agne."

"Abee."

"Huyo ni mjumbe wa mkoa gani?"

"Tumetoka nje kidogo. Mapumziko ya chai."

"Haya. Msalimie mwenyekiti. Nakupenda."

"Nakupenda pia."

Alikata simu, akajifunika uso kwa kanga. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu wetu hata hakuwa mwongo mzoefu. Mkutano wa wataalamu wa malaria ulikuwa unaanza Jumatatu saa tatu asubuhi. Yeye alimwambia mama yake, shangazi zake na mchumba wake kwamba unaanza Jumamosi, akapanda basi Alhamisi mpaka Dar, Ijumaa akapanda ndege.

Msomaji, kama unasubiri nikwambie kulikuwa na mwanamume wa pembeni hotelini, nakuomba radhi mapema. Hakuwepo. Agnella alikwenda Mwanza siku mbili kabla ya kazi ili akae peke yake, na kwa mtoto wa kwanza wa watoto saba, hilo ni jambo gumu kuliombea ruhusa kuliko hata mwanamume.

Miaka ishirini na tisa hajawahi kulala chumba cha peke yake. Nyumbani kitanda kimoja na wadogo zake wawili, shuleni kwa masista bweni la vitanda arobaini. Na tangu Padre Valeriani asome kanisani tangazo la kwanza la ndoa yake, hata ile nafasi ndogo ya kuoga ilivamiwa. Shangazi mmoja anampima kiuno kwa futi kamba, mwingine anamfundisha mlangoni namna ya kumwamkia mume. Jumapili iliyofuata likasomwa la pili. Bado la tatu, la mwisho, kesho yake, na baada ya hapo ni harusi tu.

Lakini kulikuwa na neno lililomkwama kooni. Siku ya posa, wazee wa pande mbili walimwita kutoka chumba cha ndani, wakamuuliza swali moja kama ilivyo desturi: "Wageni hawa unawafahamu?" Akasema, "Nawafahamu." Vigelegele vikapigwa, akarudishwa jikoni. Akiwa huko anapakua wali, alisikia ukutani wajomba wakikubaliana kwamba baada ya harusi atahamia kijiji cha Mbingu, kwa sababu mama yake Viktor, Bi Philomena, ni mjane, na mashine ya kukoboa mpunga aliyoacha marehemu iko huko. Kazi ya Agnella kwenye kituo cha utafiti Ifakara hakuna aliyeitaja.

Na anampenda Viktor. Hilo ndilo lililomuumiza. Asingempenda angesema siku ile ile, mwiko mkononi.

Alishuka kwenye jiwe, akaanza tena kupanda. Kwao mlima ni kitu cha kutazamwa: Udzungwa iko pale, bluu, na mtu anaendelea na mpunga wake kwenye tambarare. Hapa watu wanaishi mlimani kabisa, na miguu yake ya bondeni ilikuwa inalalamika. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya maji kichwani alimfikia kwenye ngazi.

"Shikamoo mama. Mwangaluka."

"Mwangaluka! Kumbe Msukuma?"

"Hapana mama, natoka Ifakara. Wasukuma wa kwetu ndio wametufundisha."

"Ifakara! Mdogo wangu alihamia huko na ng'ombe zake. Umekuja kwa nani huku juu?"

"Sijaja kwa mtu. Natembea tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Yule mama alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yenye vumbi.

"Basi tembea, mwanangu. Mimi huu mlima naupanda mwaka wa ishirini na sita, na sijaupanda hata siku moja kwa kutaka mwenyewe."

Agnella alifika juu kabisa, akakaa. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtuma. Saa nzima alikaa hivyo, anatazama kivuko kinavyokata maji polepole, na alipoteremka alikuwa na njaa ya mtu aliyelima.

Kando ya ziwa aliagiza sato mzima wa kukaanga.

"Tumsubiri mwenzako, dada?" mhudumu aliuliza.

"Niko mwenyewe. Leta na ugali."

Alianza na kichwa. Nyumbani kichwa cha samaki ni cha baba, na siku zote alikuwa anajiuliza kuna nini humo. Alikuwa anafyonza mfupa wa mwisho meseji ilipoingia. Ilitoka kwa Gosbert, mwenzake wa kazini, aliyekuwa zamu ya Jumamosi kulisha mbu wanaofugwa kwa utafiti.

"Dada Agne samahani. Shemeji Viktor alikuja mjini kununua mkanda wa mashine akapita hapa kunisalimia. Akauliza mkutano unaendaje. Nikamwambia unaanza Jumatatu. Alinyamaza akaondoka. Nimeharibu?"

Vidole vyenye mafuta vikatafuta jina la Viktor. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akaandika, "Naomba upokee." Tiki mbili zikageuka bluu, jibu halikuja. Lilikuja jioni, wakati amekaa kwenye kitanda cha hoteli, kitanda kikubwa alichokuwa amekifurahia jana yake kama mtoto.

"Nimefika Mbingu salama. Lala vizuri."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Asubuhi alikwenda misa ya kwanza kwenye kanisa la karibu. Mwisho wa misa katekista akasoma matangazo ya ndoa za watu asiowajua, na alipofika kwenye "kwa mara ya tatu na ya mwisho," Agnella alichungulia saa kwenye simu. Saa hii hii na Kibaoni wanasoma. Alitoka nje, na hata hajafika getini, simu ya mama yake ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Agnella, umefanya nini?"

"Kuna nini, mama?"

"Wamesoma wachumba wanne. Nimekaa benchi la mbele na shangazi zako, tumefunga vilemba, tunasubiri jina lako. Padre amefunga daftari! Nikamfuata sakristia. Ananiambia, 'Mama Yosefina, bwana harusi ameomba lisimame kwanza.' Bwana harusi mwenyewe, Agnella!"

Agnella akakaa kwenye ngazi ya kanisa, watu wanampita.

"Amesema kwa nini?"

"Padre hasemi. Lakini kanisa zima linasema. Mara una mimba ya mtu, mara Viktor ana mke Mlimba. Mimi nimepita mlango wa nyuma kama mwizi wa sadaka."

"Mama, nipe dakika. Nitakupigia."

Alimpigia Viktor. Safari hii ikapokelewa mara moja, kana kwamba simu ilikuwa imeshikwa mkononi tangu alfajiri.

"Umenikataa kanisani, Viktor?"

"Sijakukataa."

"Umesimamisha tangazo."

"Nimesimamisha. Nilimwendea padre wetu jana jioni, akampigia Padre Valeriani."

"Bila kuniambia!"

"Na wewe umeanza mkutano Jumamosi bila kuwaambia hata wenye mkutano."

Kuku wa Mbingu walisikika kwenye simu, na safari hii hakuna aliyetania.

"Uko na nani huko, Agne? Niambie tu. Sitapiga kelele. Mama yuko jikoni, hata nikitaka siwezi kupiga kelele."

"Niko mwenyewe."

"Mwenyewe na nani?"

"Mwenyewe na mwenyewe! Nimepanda mlima, nimekula samaki, nimelala. Basi. Nikupigie video nikuonyeshe chumba?"

"Hapana, usinionyeshe."

"Kwa nini? Si unataka kujua?"

"Nikianza kukagua chumba leo, nitakagua maisha yangu yote. Umesema uko mwenyewe, nimesikia."

Agnella alipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Kama unaniamini, kwa nini umenifanyia hivi?"

Viktor alivuta pumzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi ya mashine inamzoeza mtu kuongea kwa ishara.

"Nilikuwa kwenye basi narudi na ule mkanda mapajani. Nikawaza, mtu anayetunga mkutano ili apate siku mbili bila mimi, huyo ama amechoka ama anaogopa. Na tangazo la tatu likishasomwa, utashuka kwenye basi ukute mji mzima unakusubiri na vigelegele. Kama ungetaka kusema hapana, ungeisemea wapi, Agne? Nikaona bora niaibike mimi, wewe uwe na nafasi."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa jibu. Niliandika meseji nyingi nikafuta. Ikabaki 'lala vizuri'."

Agnella alilia hapo hapo, mbele ya kanisa la watu, kwa sauti. Sista mmoja alimpita akampigapiga begani akaendelea na safari yake. Alipotulia, lile neno lililokaa kooni tangu siku ya posa likatoka lenyewe.

"Viktor, mimi nakupenda. Mbingu siitaki."

"Mbingu imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Ni pazuri, mama yako ni mtu mwema. Lakini nikihamia huko kazi imekufa. Miaka minane! Nilianza kwa kubeba mitego ya mbu kule Namawala, naamshwa na umande. Leo nyumba yote ya mbu iko chini yangu. Nikiiacha, nitakuwa mke mzuri mwaka mmoja. Wa pili nitaanza kukuchukia, na wewe utakuwa unajiuliza umekosa nini."

"Kwa nini hukusema siku ile mbele ya wazee?"

"Nani aliniuliza? Niliulizwa kama nawafahamu wageni!"

Viktor alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechomwa.

"Na mama je? Baba amemwachia mashine na mimi. Nikiondoka watu watasema nimemtelekeza."

"Sijui, Viktor. Hilo ndilo nililokuja kuliwaza huku juu ya mawe. Jibu sijalipata. Nimepata ujasiri wa kukwambia tu."

"Nipe siku moja."

"Ya nini?"

"Ya kuongea na mama. Wewe si umechukua mbili?"

Agnella akacheka huku machozi yanashuka. Lakini mchana huo hakutembea tena. Alikaa hotelini anatazama simu, na alijua kabisa kwamba Bi Philomena akisema hapana, Viktor hatamvunja mama yake, na yeye Agnella hatamtaka Viktor aliyemvunja mama yake. Ndoa ilikuwa imebaki mikononi mwa mjane mmoja wa Mbingu.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, anachana nywele ajiandae kwa mkutano, simu ikaita. Bi Philomena mwenyewe. Agnella akasimama wima, kana kwamba anaonekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Utakunywa. Sasa nisikilize. Viktor ameniambia yote. Kumbe kipingamizi cha ndoa ni mimi?"

"Hapana mama, si hivyo, mimi sikuwa na maana..."

"Ngoja nimalize, salio langu dogo. Mimi nilitoka Mahenge na sanduku moja la bati kumfuata marehemu. Hakuna aliyeniuliza. Nililia miezi mitatu, nalilia kwenye moshi wa kuni ili mama mkwe adhani ni moshi. Wajomba waliposema utahamia huku, nikaona ndiyo desturi, mke anamfuata mume. Sikuwaza kwamba nakuandalia moshi ule ule."

Kitana kilibaki kimeshikwa hewani.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Na mimi nikwambie la kwangu, maana hata mimi sijawahi kuulizwa. Nyie wote mnadhani naogopa kukaa peke yangu. Nani kawaambia? Miaka thelathini na nne napikia watu. Mume, watoto, vibarua wa mavuno, wajomba. Nikiwa peke yangu nakaanga karanga, nasikiliza redio, silali na kelele za mtu. Jiko langu nalipenda likiwa langu."

"Mama!"

"Ndiyo hivyo. Mashine Ignas, mdogo wangu, anaijua kuliko hata Viktor. Mchele wenyewe soko lake liko Ifakara, Viktor kila wiki yuko huko. Tafuteni nyumba Kibaoni. Msimu wa mavuno mje mnisaidie, halafu mrudi kwenu. Wajomba waachie mimi. Hebu nambie. Huko umeonaje, kukaa mwenyewe?"

"Nimelala katikati ya kitanda, mama."

Bi Philomena alicheka mpaka akakohoa.

"Basi wewe ni mkwe wangu kweli. Nenda kanywe chai, mfuga mbu."

Viktor alipiga kabla chai haijapoa.

"Amekupigia?"

"Amenipigia. Umemwambia nini?"

"Ulichoniambia wewe, neno kwa neno. Nilidhani atalia. Akaniuliza, 'Kwa hiyo utaondoka lini?'"

"Pole, mpenzi wangu."

"Nimeumia kidogo. Nilijiona nguzo ya nyumba." Akacheka. "Basi leo hii naenda kwa padre, nimwambie lisomwe."

"Usiende."

"Agne, tena?"

"Nitaenda mimi nikirudi."

"Desturi anakwenda mwanamume."

"Mwanamume alikwenda, akalisimamisha. Safari hii naenda mimi. Nataka niulizwe kila kitu, nijibu kila kitu."

Mkutano ulikwisha Jumatano. Alizungumza mbele ya watu mia kuhusu mbu wa bonde la Kilombero, na sauti haikutetemeka hata kidogo, maana mambo magumu alikuwa ameshayasema. Ijumaa mchana alishuka kwenye basi Ifakara, akapanda bodaboda na begi lake mgongoni. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya parokia.

Padre Valeriani alishusha miwani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Padre, nimekuja kuomba tangazo letu la tatu lisomwe Jumapili hii."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko Mbingu. Anajua nimekuja."

Padre alifungua daftari, akalifunga tena, akamtazama usoni.

"Binti, hapa nimepigiwa simu nisimamishe, mama yako amelia sakristia, shangazi zako wamenijia mara mbili. Mimi nataka kujua jambo moja tu. Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana, Padre."

"Mama?"

"Mama hajui hata kama nimefika."

"Mtaishi wapi?"

"Kibaoni. Mavuno tutakuwa Mbingu."

"Wazee wamekubali?"

"Mama mkwe amesema wazee niwaachie yeye."

Padre Valeriani alimfahamu Bi Philomena. Akachukua kalamu, akaandika.

Jumapili Agnella alikaa benchi la mbele, mama yake kulia, shangazi watatu kushoto, vilemba vimefungwa upya. Mama Yosefina alikuwa amemshika mkono tangu wimbo wa kuingia na hakuwa na mpango wa kumwachia. Simu ikatikisika ndani ya pochi, Agnella akaichungulia chini ya kitabu cha nyimbo. Dhambi ndogo, Mungu atasamehe. Ni Viktor, kutoka kanisani kwao.

"Huku limesomwa. Mama amepiga vigelegele mpaka katekista akapoteza mstari. Huko?"

"Bado. Padre anahubiri."

"Mwambie afupishe."

"Mwambie wewe."

Ikafika zamu. Padre Valeriani alifungua daftari, akakohoa, akamtafuta mtu kwa macho kwenye benchi la mbele.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Viktor Beatus wa Mbingu, na Agnella Sebastiani wa hapa Kibaoni. Mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii anapaswa kukisema."

Watu waligeuza shingo, maana wiki nzima walikuwa na maneno yao. Mtoto akalia nyuma, akanyamazishwa. Hakuna aliyesema kitu, halafu shangazi wa kwanza akaanza, wa pili akapokea, na vigelegele vikajaa mpaka kwenye mabati. Agnella alichomoa mkono wake taratibu kwa mama yake, akaandika.

"Limesomwa. Hakuna aliyepinga."

Jibu likaja upesi.

"Hata wewe?"

Aliyatazama yale maneno mawili, macho yakajaa, akatabasamu mbele ya Kibaoni nzima.

"Hata mimi."